Fundi Hasubiri Kamati

Kuna sentensi moja nimeisikia hadi imenichosha: "Kiswahili hakina maneno ya teknolojia." Inasemwa na mwalimu wa fizikia, na mhariri wa gazeti, na mjomba aliyestaafu ambaye hajui hata kubadilisha fyuzi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba inasemwa pia na vijana wa rika langu, wanaopangua simu na kuipanga tena huku wakiongea Kiswahili mwanzo hadi mwisho, halafu ukiwauliza walikuwa wakiongea lugha gani wanakwambia, "Ah, hiyo si lugha, hiyo ni kuongea tu."

Nataka kuibishia sentensi hiyo, na nitaibishia kwa treni ya kuchezea. Usicheke. Treni ndogo ya mezani, yenye reli zake, taa zake na stesheni zake, ni elektroniki yote ya msingi imewekwa mahali pamoja. Kuna betri, waya, swichi, mota na sumaku. Ukitaka iende yenyewe, utahitaji pia programu. Ulaya na Marekani kuna wazee wanaotumia mishahara yao yote ya uzeeni kwa mchezo huo. Huku kwetu mtoto wa Langas au Huruma anaunda gari kwa waya wa senyenge na vifuniko vya chupa, na siku akipata mota kutoka kwa redio ya kaseti iliyokufa, gari hilo linaanza kutembea lenyewe. Hamu ni ile ile. Anayesema mchezo huu si wetu hajawahi kuangalia chini anapopita mtaani.

Tuanze na neno ambalo kila Mkenya analo mdomoni. Eldoret hakuna anayesema "umeme umekatika" isipokuwa anasoma habari. Tunasema stima imepotea. Sasa, stima ni nini? Ni neno la Kiingereza la mvuke, lililotafunwa likalainika. Wazee wa Pwani waliita meli za mvuke stima. Neno hilo likapanda bara, likaacha mvuke, likahamia kwenye nyaya. Leo bili ya stima inafika kwenye simu na hakuna anayefikiria meli. Hakuna mkutano uliofanywa kulihamisha. Watu walikuwa na nguvu mpya inayosukuma vitu, walikuwa na neno la nguvu ya zamani iliyosukuma vitu, wakalitumia. Tanzania wakabaki na umeme, na tangu mwaka 2024 wanapanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Maneno yote mawili yanafanya kazi. Hakuna aliyepigwa na stima akakosa kuhisi kwa sababu alitumia neno lisilo sanifu.

Mji wenyewe ni ushahidi. Hapa palikuwa shamba nambari 64, na wenyeji wakachukua hiyo nambari ya Kiingereza wakaifanya Sisibo. Serikali ya kikoloni ikaja na jina lake mwaka 1912, reli ikafika mwaka 1924 ikitoka Nakuru kupitia Timboroa, kimo cha zaidi ya mita 2,700, na mwaka 2024 tukapewa hadhi ya jiji. Wazee bado wanasema Sisibo. Na kwa wale wa kompyuta: 64 ni mbili mara mbili mara mbili, hadi mbili zifike sita. Tumezaliwa ndani ya nambari ya programu na bado tunaambiwa hatuna maneno.

Haya, tuweke treni mezani tuone kama kweli tutakwama.

Treni ya kawaida ya kuchezea hupata stima kupitia reli zenyewe. Reli moja ni chanya, nyingine ni hasi. Magurudumu ya chuma yanachukua mkondo kutoka reli moja, mkondo unapita kwenye mota, unarudi kwa reli ya pili. Hiyo njia nzima ya kwenda na kurudi ni saketi. Ikikatika mahali popote, treni inasimama. Ukibadilisha nyaya, chanya ikawa hasi, mota inazunguka upande wa pili na treni inarudi kinyumenyume. Ukiongeza volti, inakimbia. Ukiangusha bisibisi juu ya reli zote mbili, unapiga shoti. Je, kuna neno lolote hapo ambalo fundi wa redio pale mjini hajawahi kulisema? Mkondo tulikuwa nao kabla ya stima. Ulikuwa wa mto, na stima ilipokuja ikakuta neno limeshamngoja. Shoti tumeikopa, na imekuwa yetu kabisa: mtu akikasirika ghafla tunasema amepiga shoti.

Tuongeze taa. Kitaa chekundu cha LED kinataka volti 2 hivi na mkondo wa miliampea 20. Reli ina volti 12. Ukikiunganisha moja kwa moja, kitawaka mara moja maishani mwake na kufa. Volti 10 zinazobaki lazima zibebwe na kitu kingine, na hicho kamusi inakiita kikinza, fundi anakiita rezista. Hesabu ni fupi: volti 10 gawanya kwa ampea 0.02, unapata omu 500. Dukani utachukua ya omu 560 kwa sababu ndiyo huuzwa, na kitaa kitakaa sawa. Nimeieleza sheria ya Ohm kwa sentensi chache za Kiswahili, na haikulia.

Halafu inabidi uunge hizo nyaya. Mafundi wengi wa huku husema kusoda. Lakini Kiswahili kina kulehemu, neno ambalo wafua fedha na masonara wa Pwani walikuwa nalo kabla ya redio ya kwanza kufika Mombasa. Sisemi tuwalazimishe vijana wa Eldoret waache kusoda. Ninasema tu kwamba kabla hujatangaza duka liko tupu, fungua mlango uangalie rafuni.

Sasa tuje kwa sehemu inayonifurahisha zaidi. Kwa mfumo wa zamani, treni mbili zikiwa kwenye reli moja zote zinatii volti zile zile. Ukiongeza moja mwendo, umeongeza nyingine. Wajerumani, hasa Bernd Lenz, walilitatua tatizo hilo, na katika miaka ya 1990 chama cha wapenzi wa treni ndogo cha Marekani, NMRA, kikaufanya mfumo wake kuwa kiwango kinachoitwa DCC. Mbinu ni hii: stima inabaki relini wakati wote, lakini inageuzwa chanya na hasi kwa kasi kubwa, na urefu wa kila mgeuko ni herufi ya ujumbe. Mgeuko mfupi, wa mikrosekunde 58, ni moja. Mrefu, wa mikrosekunde 100 hivi au zaidi, ni sifuri. Kila kichwa cha treni kina anwani yake. Kikitoka kiwandani kwa kawaida anwani yake ni 3, nawe unambadilishia mwenyewe. Ujumbe unapita relini ukisema: "Wewe wa 3, punguza mwendo. Wewe wa 7, washa taa." Wote wanausikia, mwenye anwani ndiye anayetii.

Na ni nani ndani ya treni anayeusoma ujumbe huo? Ni king'amuzi. Unalijua hilo neno. Tulilijua kwa lazima mwaka 2015 analogi ilipozimwa na kila nyumba ikatafuta kisanduku cha kuweka chini ya televisheni. Kung'amua ni kutambua kilichofichika, na king'amuzi ni kitu kinachofanya kazi hiyo. Tazama jinsi neno hilo linavyoingia kwenye treni bila kusukumwa. Kisanduku cha televisheni na kidude kilicho ndani ya kichwa cha treni vinafanya kazi ya ukoo mmoja, na Kiswahili kimeliona hilo.

Kisha programu. Ukiwa na bodi ndogo kama Arduino, iliyozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, unaweza kuwa stesheni masta wa mezani. Unaandika amri: treni ikifika kwenye sensa, taa nyekundu iwake. Subiri sekunde tano. Kama njia ya pili iko wazi, pitisha treni, la sivyo izuie. Maadamu kuna treni kwenye daraja, nyingine isiingie. Soma tena hizo sentensi. Sarufi ya programu iko humo ndani: kama, la sivyo, maadamu, kila, hadi. Tena Kiswahili kina kile kiungo kidogo, -ki-, kinachobeba sharti zima ndani ya kitenzi kimoja. Ikifika. Ikisimama. Ikipita. Watu wa lugha nyingine wanahitaji maneno matatu manne kusema hivyo.

Na kitanzi. Kwenye programu, kitanzi ni amri zinazojirudia hadi sharti fulani litimie. Kwenye reli, kitanzi ni njia inayozunguka ikarudi ilikotoka. Ukijenga kitanzi cha reli kinachorudi na kujiunga na njia ile ile, utaona maajabu: reli ya kushoto inakuja kugusana na reli ya kulia, chanya inakutana na hasi, shoti. Lazima ukate reli, utenge hicho kipande, na ukigeuze stima wakati treni iko ndani. Programu nayo ikiingia kitanzi kisicho na mlango wa kutokea, inazunguka humo hadi uizime kwa mkono. Mtoto aliyeona treni yake ikizunguka meza bila kufika popote ameshaelewa kosa ambalo wanafunzi wa chuo hulipia karo kulielewa.

Najua jibu linalokuja. "Lakini lugha za programu zenyewe ni Kiingereza." Ni kweli, na hesabu ni ndogo kuliko unavyodhani. Lugha ya C, ilipowekewa kiwango mwaka 1989, ilikuwa na maneno maalumu 32. Thelathini na mawili! Mtoto wa darasa la nne amekariri majina ya wachezaji wa Arsenal zaidi ya hao. Ugumu hauko kwenye maneno hayo. Uko kwenye maelezo yanayoyazunguka, kurasa mia tatu za kwa nini na vipi. Ruby ilitungwa na Mjapani, Yukihiro Matsumoto, ikatolewa mwaka 1995, na miaka yake ya mwanzo maelezo yake mengi yalikuwa ya Kijapani. Lua ilitungwa Rio de Janeiro mwaka 1993 na jina lake ni neno la Kireno la mwezi. Maneno ya amri ni ya Kiingereza katika zote mbili. Waliozitunga hawakungoja kwanza waote ndoto kwa Kiingereza.

Kuna kisa ambacho kila mtu wa kompyuta angefaa kukijua. Mwaka 1946, kwenye chuo cha MIT huko Marekani, wanafunzi walianzisha klabu ya treni za kuchezea. Walikuwa makundi mawili. Wa kwanza walipenda kupaka rangi mabehewa na kujenga vilima vya karatasi. Wa pili walikaa chini ya meza, kwenye msitu wa nyaya na rilei za simu, wakitengeneza mfumo wa kuongoza treni. Hao wa chini ya meza ndio baadaye walioivamia kompyuta ya chuo usiku. Mmoja wa wanachama, Steve Russell, akaongoza utungaji wa mchezo wa kompyuta wa Spacewar! mwaka 1962. Na walikuwa na maneno yao. Mwaka 1959 mwenzao Peter Samson aliyakusanya kwenye kamusi ya klabu, na humo ndimo utakuta neno "hack" kwa maana ya ujanja wa fundi unaofanywa kwa sababu ya raha ya kuufanya. Dunia nzima sasa inalitumia. Lilitoka chini ya meza ya treni za kuchezea, kwa vijana ambao hawakuomba ruhusa ya idara yoyote ya lugha.

Sisi tukalipokeaje neno hilo? Tulimwita mhusika mdukuzi. Kudukua ni kusikiliza kwa siri mambo ya watu. Yaani tulilipata neno kwenye habari za wezi wa benki, tukalitafsiri likiwa limeshavaa pingu. Maana ya kwanza, ya fundi anayechezea kitu hadi kikubali, haikutufikia. Hivi ndivyo inavyokuwa lugha inapongoja neno mlangoni badala ya kuwa karakana wakati kitu kinatengenezwa.

Hapo ndipo ninapogeukia upande wa pili, kwa sababu si wapenzi wa Kiingereza peke yao wanaotuchelewesha. Kuna walinzi wa Kiswahili wanaoamini neno huzaliwa likishachapishwa. Wao ndio walimjaza mwanafunzi wa Kenya tarakilishi na rununu kwa ajili ya insha. Nenda uulize barabarani: hakuna aliyewahi kuibiwa rununu. Watu huibiwa simu. Ukimwambia fundi "tarakilishi yangu haiwaki," atakuuliza hiyo ni kampuni gani. Na ukivuka mpaka Tanzania, nchi iliyo na BAKITA tangu 1967, utakuta kompyuta tu, wala lugha haijaanguka.

Sisemi kila neno la kutungwa ni bovu. Tovuti imeshika. Barua pepe imeshika. King'amuzi kimeshika, tena vizuri. Mimi naona tofauti ni moja: maneno hayo yalimfikia mtu akiwa na kitu chenyewe mkononi. Rununu ililetwa wakati simu ilikuwa tayari ina jina, na haikutusaidia kutofautisha chochote. Kwa hiyo kigezo changu ni cha karakana: neno likimsaidia mwanagenzi kuchukua kifaa sahihi mara ya kwanza, ni neno zuri, liwe limetoka Uarabuni, Uingereza, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Langas. Kikinza na rezista viishi pamoja, mmoja atashinda. Waandishi wa kamusi waje karakana na daftari, wakae kimya, waandike. Wakirudi ofisini watakuwa na kazi ya mwaka mzima.

Kwa nini nashikilia hivi? Kwa sababu kuna watu wanaoachwa nje. Mji huu una mafundi waliotoka shule wakiwa darasa la nane, na leo anakuletea amplifaya iliyonyamaza miaka mitano ikiimba. Anajua mkondo unapopita kwa kugusa na kunusa. Lakini mweke mbele ya karatasi ya nadharia ya Kiingereza na atageuka mjinga kwa saa mbili. Halafu anakuja kijana mwenye cheti, aliyekariri maana ya kapasita bila kuwahi kuiona imevimba, naye ndiye anayeandikwa kazi. Hiyo ni hasara ya wote. Nilipokuwa chuoni, kabla sijaondoka mwaka wa pili, mhadhiri mmoja alitwambia Kiswahili tukiache kwa makanga wa matatu, darasani tuje na lugha ya akili. Darasa likacheka. Asilimia kubwa ya waliocheka walikuwa wakinong'onezana hesabu kwa Kiswahili ili wamwelewe.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Miaka hiyo yote baadaye, rasmi yake inaonekana kwenye hotuba na mabango. Tanzania watoto wa shule za msingi za serikali husoma sumaku na mkondo kwa Kiswahili, kisha wakifika sekondari wanabadilishiwa lugha ghafla kama treni iliyotolewa kwenye reli ya mita moja ikawekwa kwenye ya SGR. Huwezi kulaumu magurudumu.

Mtu mmoja atasema watu wana njaa na mimi naongea treni za watoto. Sawa. Lakini waya wa senyenge ni bure, mota za DVD zilizokufa zimejaa kwenye mapipa ya mafundi, na LED moja ni bei ya peremende. Kitu cha gharama hapa ni kuambiwa na mtu unayemheshimu kwamba ulichokifanya kwa mikono yako hakina jina.

Kwa hiyo ombi langu si kwa wizara. Ni kwako wewe unayefundisha mwanagenzi, wewe unayerekodi video za ufundi kwa simu, wewe mwalimu wa klabu ya sayansi Jumamosi. Eleza kwa Kiswahili unachokisema tayari, usikirembe. Ukikosa neno, muulize aliye karibu nawe analiitaje, kisha uliandike ubaoni. Likiwa baya, kesho mtoto atalibadilisha. Chora kitanzi, chora king'amuzi, andika chanya hapa na hasi pale. Halafu washa stima uone kama treni itakataa kwenda.